Anayeweka ajue na kutoa: barua ya wazi kwa wasimamizi wa afya ya uzazi Goma

Kwenu wakubwa wa Divisheni ya Afya ya Mkoa, waganga wakuu wa zoni za Goma na Karisimbi, wauguzi wakuu wa vituo, na ninyi wa mashirika mnaoleta dawa za planing, yaani za kupanga uzazi, katika mji huu wa mashariki ya Kongo.

Salamu kwenu.

Najua siku hizi, tangu mji ushikwe katika vita vya mwanzo wa 2025, mtu wa Goma akisema anawaandikia wakubwa, anaulizwa kwanza: wakubwa gani? Huko sitaingia. Zoni ya afya ingali zoni ya afya, rejista ziko palepale makabatini, na mwanamke mwenye kijiti cha planing mkononi haulizi habari za bendera, anauliza kituo kinafunguliwa saa ngapi. Yeyote anayejua kwamba jambo hili linapita mezani pake, barua ni yake.

Mimi ni mshonaji. Nina cherehani mbili kwenye baraza huko Majengo, na nusu ya kazi yangu ni kushika mikono ya wanawake. Mama akileta kikwembe chake, yaani kitenge cha kushona, nampima mabega, kifua, kiuno, halafu mkono. Modeli za sasa zinataka mkono wa blauzi ubane juu, kisha uachie chini kama tarumbeta, kwa hiyo lazima nizungushe utepe kule juu, karibu na kwapa, kidole gumba kikishikilia upande wa ndani. Hapo ndipo ninapokutana nacho. Kitu chembamba kama njiti ya kiberiti, ila kirefu kidogo, kimelala chini ya ngozi na kinakwepa ukikigusa. Kwa wengine ni kimoja. Kwa wengine ni viwili, vimeachana kama herufi V. Mteja ananitazama, namtazama, kisha anacheka kidogo, ananiita yaya, yaani dada: "Ni implanti hiyo, yaya." Nikishaambiwa hivyo najua kipimo kitachukua nusu saa, maana hadithi inafuata.

Nimezisikia nyingi. Naandika kwa sababu ya moja.

Ilikuwa jioni, nimekaa nafumua zipu ya gauni la harusi. Kufumua natumia nusu ya wembe, nimeuzungushia kitambaa upande mmoja usinikate. Akafika mama mmoja kutoka upande wa Sake, bado kijana, mtoto mgongoni. Alikuwa na kikwembe cha kushona, lakini hakukikunjua. Alikaa akaangalia wembe unavyopita, uzi kwa uzi, bila kugusa kitambaa. Kisha akapandisha mkono wa sweta, akaulaza mkono wake juu ya meza ya cherehani, kati ya makasi na pini.

"Yaya, mkono yako haitetemeke. Unitoshee hii kitu."

Kutosha kwao ni kutoa: alitaka nimtolee kijiti. Nilifikiri ni utani. Nikaangalia. Juu ya ngozi kulikuwa na makovu mawili mafupi, yamevimba. Mtu alikwisha kujaribu. Kituo kimoja, ambacho sitakitaja na ambacho hakiko peke yake, kilimchana, kikatafuta, kikakosa, kikambandika plasta na kumwambia aende hospitali kubwa apigwe eko, ile picha ya ultrasaundi. Eko ni pesa. Motari, pikipiki ya abiria, kwenda na kurudi ni pesa. Fishi, yaani kadi ya kituo, ya kuingilia ni pesa kabla hujaonana na mtu. Kijiti chenyewe kiliwekwa bure kabisa, Bulengo, kambini kwa waliokimbia vita, na watu waliovaa vizibao vya shirika. Kambi zikavunjwa Februari 2025, vizibao vikaondoka, kijiti kikabaki.

Nilikataa, bila shaka. Ila nataka mjue alichofanya nilipokataa. Aliniuliza nataka kiasi gani. Alidhani nakataa kwa ajili ya bei, kwa kuwa wote waliomkatalia kabla yangu walikuwa wamemtajia bei.

Sasa, msije mkaiweka barua hii kwenye fungu la wanawake wasioelewa planing. Mimi nimevaa kijiti mara mbili, na hiki cha pili ninacho ninapoandika. Najua kinavyofanya kazi. Kile kimoja, Implanon, kimebeba miligramu 68 za homoni iitwayo etonogestreli, inatoka kidogo kidogo kwa miaka 3. Vile viwili, Jadelle, vimebeba levonogestreli, miligramu 75 kila kimoja, kwa miaka 5. Homoni inazuia yai lisitoke, na inaufanya ute wa mlango wa kizazi kuwa mzito hadi mbegu zisipite. Ukichukua wanawake 100 wenye kijiti, kwa mwaka mzima hatimii hata mmoja wa kupata mimba. Hakuna kidonge cha kusahau. Hakuna tarehe ya sindano ya kukosa kwa sababu njia ya Sake imefungwa tena. Katika mji unaokimbia kila baada ya miaka michache, dawa unayokimbia nayo ndani ya mkono si kitu cha kudharau.

Wako pia waliokiweka kwa sababu nyingine. Walikuwa wanatoka kambini kwenda kutafuta kuni upande wa Hifadhi ya Virunga, na walijua yanayowapata wanawake kwenye njia ile. Mteja wangu mmoja alisema hivi: mume wake alikuwa amekwisha kufa, kijiti alikiweka kwa ajili ya njia. Nilipima kiuno chake nikaandika namba, sikuweza kusema neno.

Kwa hiyo sipingi kijiti. Ninachopinga ni mlango unaofunguka upande mmoja.

Cha kwanza niliwekewa Agosti 2020, katika siku za kampeni. Nilikuwa na watoto wanne. Tulipanga mstari mrefu, wimbo wa planing unapigwa kwenye spika, na kila mmoja alipewa dakika chache tu. Nesi, dada mwema, aliniambia: "Utaona mabadiliko kidogo ya hedhi, usiogope." Kidogo! Nilipata damu wiki tatu, ikakatika siku nne, ikarudi wiki mbili. Si damu nyingi ya kukupeleka hospitali. Ni ile ya kukuchosha, ambayo huwezi kutoka na kikwembe cheupe, huwezi kulala kwa mgeni, huwezi kumweleza mume kwamba leo tena ni ileile. Mabaki ya vitambaa vya pamba niliyokuwa naweka kwa ajili ya kujaza mito yaliisha yote, na hakuna mto hata mmoja ulioshonwa.

Jirani yangu, Mwislamu, ilimpata hivyohivyo katikati ya Ramadhani. Hakujua afunge au asifunge, asali au asisali. Aliyemsaidia ni imamu, alimweleza kwa utulivu tofauti ya damu ya hedhi na damu nyingine. Kituo kilichomwekea hakikumwambia lolote. Ninyi mnaona ni "mabadiliko kidogo". Kwake ilikuwa ni mwezi mzima na Mola wake.

Ukweli ni kwamba damu ya namna hiyo inajulikana tangu zamani. Katika majaribio ya Implanon, karibu mwanamke 1 kati ya 5 aliacha kuona damu kabisa, na wengine wakaiona mara nyingi kuliko kawaida au kwa siku nyingi mfululizo. Mara nyingi si hatari. Na kuna la kufanya: ibuprofeni ileile inayouzwa Birere kwa faranga chache, kwa siku 5 au zaidi kidogo kwa maelekezo ya muuguzi, inaweza kuipunguza. Mimi nililisikia hilo kwa mkunga mmoja aliyekuja kushonesha yunifomu, mwaka mmoja baada ya kuanza kutokwa damu. Mkunga, mbele ya cherehani yangu, na utepe shingoni mwangu! Hayo si ya kuambiwa kwa bahati. Yalipaswa kusemwa siku ile ya spika.

Halafu ikaja Mei 2021. Tarehe 22 Nyiragongo ikatema moto, na siku tano baadaye tukaamriwa kuhama, vitongoji 10 vya mji kwa mara moja. Tulitembea hadi Sake na watoto na magodoro. Fishi yangu ya planing ilikuwa ndani ya mfuko pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Mfuko huo haukufika Sake. Tuliporudi nilikuwa na kijiti bila karatasi, na kituo kilichoniwekea kiliniambia rejista ya kampeni "waliondoka nayo wenyewe".

Mwanzoni mwa 2022 nikaamua kukitoa. Nilienda mara tatu. Mara ya kwanza muuguzi alihesabu kwa vidole akasema: "Ungali na mwaka moja na nusu, mama. Usipoteze dawa ya watu." Dawa ya watu, ndani ya mkono wangu. Mara ya pili yule aliyejifunza kutoa alikuwa kwenye mafunzo mjini Bukavu, na hakuna mwingine. Mara ya tatu alikuwapo, lakini nitoe dola 15, halafu nikanunue glovu na wembe wa daktari kwenye duka la dawa lililo ng'ambo ya barabara. Kuweka ilikuwa bure. Siku ya kuweka walitupa hata soda.

Nililipa. Na sasa nitawaeleza kazi yenyewe, maana nilikuwa naangalia kwa jicho la mshonaji. Alikipapasa akakikuta, akatia alama ya kalamu kwenye ncha zote mbili. Akachoma sindano ya ganzi chini ya ile ncha ya karibu na kiwiko, chini, si juu, ili kijiti kisizame. Akasukuma ncha ya juu kwa kidole, ile ya chini ikainua ngozi kama mfupa wa samaki ndani ya mfuko. Akachana mahali padogo kuliko tundu la kifungo cha shati. Kikatokeza cheupe. Akakishika kwa koleo ndogo, akakivuta taratibu. Sikupigwa hata uzi mmoja, plasta na bendeji tu. Dakika zisizofika kumi. Nilikiomba, akanipa, nikakilaza kwenye utepe wangu: sentimita 4 kamili, kinapinda kama waya wa plastiki.

Miezi minne baadaye nilikuwa na mimba, kama tulivyotaka. Nalisema hilo kwa sababu ya uvumi, ambao nitaufikia.

Kilichonishangaza siku ile ni wepesi wake. Dakika kumi, kwa mtu aliyefundishwa na kijiti kilichowekwa mahali pake, upande wa ndani wa mkono, juu juu chini ya ngozi. Ugumu unaanza pale kilipowekwa kwa haraka kikaingia ndani hadi hakipapasiki. Hapo hakuna anayepaswa kuchana kwa kubahatisha, kwa sababu sehemu ile ina mishipa ya damu na ya fahamu. Inatakiwa eko, au eksirei kwa ile Implanon mpya iliyotengenezwa ionekane kwenye picha, kisha mkono wa daktari aliyezoea. Yule mama wa Sake yuko kwenye kundi hilo. Makovu yake mawili ni ya mtu aliyechana kwanza, akaanza kutafuta baadaye. Kwetu fundi wa namna hiyo hapewi kitambaa cha mtu.

Nimejiuliza tulifikaje hapa. Zamani vijiti vilikuwa ghali. Kisha tangu 2013 makampuni yanayovitengeneza yalikubali kuvishusha bei kwa nchi maskini karibu nusu, hadi dola 8.50 kwa dozi ya mwanamke mmoja. Jambo zuri, na ndiyo maana vilitufikia Majengo. Vikaletwa kwa maboksi, watu wakafundishwa kuviweka, kila ripoti ikahesabu waliowekewa. Nani alihesabu waliotolewa? Kila kijiti kilichoingia mwaka 2020 kilikuwa na siku yake ya kutoka, inajulikana kabla hata boksi halijafunguliwa. Wala tatizo hili halikuanzia kwetu. Norplant, ile ya kwanza kabisa, ilikuwa na vijiti sita, na wanawake wa Marekani walienda hadi mahakamani wakilalamika, pamoja na mengine, juu ya shida ya kuvitoa. Iliondolewa sokoni huko mwaka 2002. Somo lilikuwapo.

Mnatulaumu kwa uvumi. Nawasikia redioni mkisema wanawake waache kuamini kwamba kijiti kinatembea hadi kwenye moyo, kwamba kinakausha kizazi, kwamba ni mpango wa wazungu. Mko sawa, si kweli. Kizazi kinarudi mapema baada ya kukitoa, mwanangu wa tano ni ushahidi, na kwa kawaida kijiti hukaa palepale kilipowekwa. Lakini hebu jiwekeni mahali petu. Mtu amekuja na gari zuri, amekuwekea kitu mwilini bure, amekupa na soda. Unarudi unamwambia kitoe, anasema bado, anasema lete dola 15, anasema mtaalamu hayupo, anasema kimezama. Wewe ungeamini nini? Uvumi wa Goma hauzaliwi sokoni Virunga. Unazaliwa mlangoni kwenu, siku mwanamke anaporudishwa nyumbani na kijiti chake, na huko sokoni unafika umekwisha kukomaa.

Halafu kuna suala la mume. Bado kuna vituo vinavyomwambia mwanamke alete barua ya bwana, kuweka au kutoa. Sheria namba 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018, ile ya afya ya umma, inasema wanandoa wakubaliane juu ya njia, lakini wasipopatana, uamuzi wa yule mwenye mwili unatangulia. Na Mkataba wa Maputo, ule wa Afrika juu ya haki za wanawake, uliochapishwa katika gazeti rasmi la nchi Machi 2018, unampa mwanamke haki ya kuchagua njia yake ya kupanga uzazi. Bandikeni hayo ukutani, kwa Kiswahili, mahali pa ile picha ya familia inayotabasamu. Sisemi waume wasishirikishwe. Wangu alinisindikiza mara zote tatu, na ile mara ya tatu ndiye aliyevuka barabara kununua glovu.

Fishi pia. Mnaichukulia kama karatasi tu, ila angalieni inavyoweza kumdanganya mtu. Aliyewekewa vijiti viwili anaambiwa na majirani kwamba viwili ni miaka 5. Kumbe iko nyingine, Levoplant, nayo ni vijiti viwili na homoni ileile, lakini imeandikiwa miaka 3. Kwa kidole changu siwezi kuzitofautisha, na muuguzi hawezi pia. Mwanamke aliyepoteza fishi njiani kati ya Kitshanga na Goma atakaa mwaka wa nne akijidhani amelindwa. Kijiti kilichopita muda wake hakimuui mtu, ila hana tena hakika kwamba kinamlinda. Kila mtu ana simu siku hizi, hata kama si yake ni ya dada yake. Mwambieni aipige picha fishi kabla hajaondoka kwenye kiti, amtumie mtu mmoja anayemwamini. Haigharimu kitu.

Na kabla ya kumwekea mwanamke kijiti, muulizeni anameza dawa gani. Mteja mmoja alikuja nimpanulie gauni, ana mimba ya miezi mitano na kijiti mkononi, analia kwamba amelaaniwa. Nilipomuuliza polepole, alikuwa amemaliza dawa za kifua kikuu. Rifampisini inapunguza nguvu ya homoni ya kijiti, na efavirenzi, iliyotumiwa miaka mingi kwa wenye virusi vya UKIMWI, nayo vilevile. Aliyempa dawa za kifua kikuu na aliyemwekea kijiti walikuwa kwenye jengo moja, milango miwili inatazamana.

Najua jibu mlilonalo, na ni la kweli: hakuna vifaa. Tulisikia yaliyotokea mwaka 2025, jinsi msaada wa Marekani ulivyokatwa, na jinsi dawa za uzazi zenye thamani ya dola milioni 9.7, vijiti vikiwamo, zilivyofungiwa kwenye ghala la Geel huko Ubelgiji, serikali iliyozinunua ikitaka zichomwe moto. Kongo ilikuwa miongoni mwa nchi zilizokuwa zinazisubiri. Niliposikia nilikuwa nakata kitambaa, nikakata vibaya. Lakini angalieni ninachoomba. Siombi kijiti kimoja kutoka ghala lolote. Naomba wembe safi, chupa ya lidokaini ya kutia ganzi, koleo ndogo, glovu, na mtu mmoja anayejua, kwa siku moja inayojulikana. Vijiti vikikosekana, ndipo kutoa kunapohitajika zaidi, kwa kuwa vya zamani vinaendelea kuisha muda mikononi mwetu.

Kwa hiyo: kila kituo kinachoweka kitoe, kwa bei ileile ya kuweka. Kama kuweka ni bure, kutoa kuwe bure, na bei iandikwe mlangoni. Chagueni siku moja ya wiki, tuseme Jumatano, muitangaze makanisani na misikitini na kwa reko, yule mhudumu wa afya wa kila mtaa, hata kwenye vituo vya Kanisa Katoliki. Vingi vya kwao haviweki, tunajua na tunaheshimu, lakini kumwelekeza mtu wapi pa kutolewa si dhambi ya yeyote. Anayesema "nataka kitoke" asihesabiwe miaka kwa vidole. Sababu ni yake. Waliozamiwa wapewe barua ya rufaa yenye thamani, si ya kuwatupa: hospitali moja ya mji iwe na daktari wa kazi hiyo, na eko yao ilipwe na yule aliyelipia kampeni. Ninyi wa mashirika, hili nawaambia ninyi hasa. Mlipopanga bajeti ya kuweka, mngetenga na ya kutoa, kama mimi ninavyomtoza mteja kwa kujua kwamba atarudi nimpunguzie au nimpanulie.

Mwaka 2023, baada ya mtoto, nilipoenda kuweka cha pili nilimuuliza muuguzi kabla hajafungua pakiti: "Nani atanitolea?" Alicheka. Alisema kwa miaka yote ya kazi yake hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Kisha akajibu: "Mimi." Kwa neno hilo nikampa mkono. Tangu vita vya mwanzo wa 2025 hayupo tena, nasikia yuko Kampala. Safari hii niliwekewa Jadelle, na vijiti vyake viwili vinaisha muda 2028, na sina tena jibu la swali langu mwenyewe. Nikimaliza barua hii itabidi nianze kutafuta upya, kama wengine.

Yule mama wa Sake mwishowe alikikunjua kikwembe chake. Blauzi iko tayari, imetundikwa mbele yangu, ya bluu na ndege wa njano. Mkono wa kushoto nimeuongezea sentimita mbili juu, usije ukabana yale makovu. Atakuja kuichukua Jumamosi, na najua ataniuliza kama nimepata mahali. Niandikieni jina la kituo, siku, na saa ya kufungua.

Mshonaji wa Majengo, Goma